Kisu cha Kobe na Ndege Kumi na Wawili

Haya niliambiwa na Oleta Sizemore, jirani yangu wa ua kwa ua, mwezi wa nane mwaka 2009, tulipokuwa barazani kwake tukivunja maharagwe mabichi ya kuweka kwenye chupa. Ndoo mbili zilikuwa zimejaa. Alianza kusimulia tulipoanza ndoo ya kwanza, akamaliza ya pili ikionyesha kitako, na katikati alinyamaza mara tatu kwa kuwa mumewe alikuwa akipita na toroli la nyanya. Mumewe ndiye Hobert, na kisa hiki ni chake. Nilimwuliza Oleta kama naweza kukisimulia. Akasema, "Simulia tu. Mwenyewe kashakitapika mbele ya watu, kuna nani tena wa kufichwa?"

Basi nakitoa kama nilivyopewa.

Huku Kentucky mwanamume akitoka nyumbani bila kisu mfukoni ni kama ametoka bila mkanda: atarudi tu. Si kisu cha kupigana. Ni kisu cha kukunja, mpini wa mfupa au wa pembe ya kulungu, cha kumenyea tufaha, cha kukatia kamba ya majani ya ng'ombe, cha kuchongea kijiti wakati wa maongezi. Wazee hukaa kwenye mabenchi mbele ya mahakama wakichonga vijiti mpaka viishe. Ukiwauliza wanatengeneza nini, watakwambia, "Takataka."

Na wana desturi yao ya kubadilishana bila kuona. Mimi nafumba changu kiganjani, wewe unafumba chako, tunasema "haya," tunapeana. Ukifungua ukakuta umepewa kizuri, ni bahati yako. Ukikuta bapa limekatika nusu, wenzako wanakucheka na wewe unacheka, yamekwisha. Hakuna kulalamika, hakuna kurudisha, hakuna kumtaja aliyekupa kibovu. Nimewaona watu hapa wanaogombania mipaka ya mashamba mpaka makanisani, lakini sheria hiyo hawaivunji.

Ila kuna visu vya mfukoni na kuna visu vya sandukuni. Kiwanda cha Tolliver, ambacho siku hizi ni magofu na miti imeota ndani, kilitengeneza kwa miaka kumi na miwili visu vya daraja la juu kabisa, aina moja kila mwaka, na kwenye kila mpini amepigiliwa ndege mdogo mwekundu. Watu wakaviita Ndege Wekundu. Ukimfungua Ndege, bapa husimama nusu ya njia kama mtu anayebisha hodi, halafu linaingia mahali pake: tak! Wakusanyaji hufumba macho kuusikiliza mlio huo. Ndege ambaye hajawahi kunolewa, hajakata hata uzi, huyo ndiye wa thamani. Hufungwa kwenye kitambaa, hashikwi kwa mkono mtupu, maana jasho la kidole leo ni kutu kesho.

Dorsey Stamper alikuwa nao wote kumi na wawili. Alikuwa mpasua mbao tangu ujana, hana shamba, nyumba ni ya kupanga, na mkewe alikuwa ameshatangulia. Kila mwaka, miaka ile, alijinyima koti au viatu akanunua Ndege mmoja. Alipenda kusema, "Nina mabinti wawili na ndege kumi na wawili. Sita kwa sita, hakuna wa kununa."

Yeye na Hobert walikuwa marafiki tangu wakitembea pekupeku. Lakini jambo moja liliwatofautisha, na ndilo kiini cha haya yote. Dorsey alikuwa hasikii harufu. Alipokuwa na miaka thelathini ubao uliruka mashineni ukampiga usoni, akapona kila kitu isipokuwa pua. Kicheche akipita chini ya sakafu, watu wote watatoka nje, Dorsey anaongeza mchuzi. Hobert naye alijulikana kwa pua yake. Kwenye chama chao cha wakusanyaji, kinachokutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye chumba cha chini ya kanisa, ndiye aliyekuwa mpimaji mkuu. Alikinusa kisu kabla ya kukitazama. Alijua mafuta kiliyopakwa, alijua kama mfupa umechemshwa upya, alijua kama mtu amekisugua kwa dawa ili kukifanya kipya. Akisema kisu kina thamani hii, hakuna aliyebisha.

Sasa, miaka sita kabla ya siku tuliyovunja maharagwe, Hobert alikuwa amenunua kisu kwenye maonyesho. Mpini wake ulikuwa wa ile plastiki ya kale waliyotengenezea vitana vya akina mama, rangi ya asali yenye mawingu meusi, kama gamba la kobe. Ukikiinua juani kinawaka. Alirudi nacho nyumbani akimwonyesha Oleta kama mtu aliyepata mjukuu.

"Kizuri," Oleta akamwambia. "Na paa litarekebishwa lini?"

Majira ya baridi yakapita. Siku moja Hobert akavuta droo, na ile pua yake ikamwambia habari mbaya: siki na kafuri. Wakusanyaji wote wanaijua harufu hiyo. Plastiki ile ya kale ikianza kufa, inapumua, na pumzi yake ni kali kama siki. Chuma chochote kilichofungiwa nayo kitaliwa. Haina dawa. Kisu kama hicho hutolewa nje ya nyumba, kikakaa peke yake penye upepo, kama kuku mgonjwa anavyotengwa na banda.

Hobert, mpimaji mkuu, mwenye pua, alikuwa ameuziwa kuku mgonjwa. Hakumwambia mtu.

Jumamosi iliyofuata walikuwa mbele ya mahakama, yeye, Dorsey, na Clovis Tackett, ambaye alikuwa na duka la chakula cha mifugo na mdomo usiofungwa. Dorsey akaingiza mkono mfukoni.

"Una nini huko, Hobert?"

"Nina mkono."

"Na mimi nina mkono. Tubadilishane mikono."

Clovis akasema, "Angalia, Dorsey. Huyu bwana hajawahi kutoa kitu kizuri ila siku binti yake alipoolewa."

Hobert alikuwa na visu viwili mfukoni. Kulia, cha kobe, alichokuwa amekichukua akakitupe mtoni. Kushoto, cha marehemu baba yake, kisu cha pembe ya kulungu chenye ncha iliyokatika, ambacho hakijawahi kutoka kwenye mikono ya akina Sizemore. Akafumba cha kulia. Alimwambia Oleta baadaye kwamba hata yeye hajui aliwaza nini. Alidhani ni mzaha. Alidhani Dorsey atakitia mfukoni na kukimaliza kwa kukatia kamba, kama alivyofanya kwa vingine vyote.

"Haya," wakasema, wakapeana.

Hobert akapata kisu cha kazi, mpini wa njano, chuma kizuri, kimenolewa mpaka kinanyoa. Dorsey akafungua kiganja. Akakiinua juani.

"Mungu wangu, kobe! Hobert, umekosea mfuko?"

Mnaona? Alimpa nafasi. Sheria hairuhusu kurudisha, lakini Dorsey aliunyoosha mkono, kiganja wazi, amrudishie.

Hobert akasema, "Sheria ni sheria."

Miezi mitatu ikapita ndipo Hobert alipojua kisu kimewekwa wapi. Walikuwa wanakula mkate wa mahindi na maharagwe kwake Dorsey, na Clovis yupo. Dorsey akasema, "Kile cha kobe sikukitia mfukoni, Hobert. Kizuri mno. Tena kimetoka kwako. Nimekiweka sandukuni pamoja na Ndege."

Hobert alikifungua kinywa. Angeweza kusema pale pale: ndugu yangu, kitoe leo, kinanuka. Lakini Clovis alikuwa anatafuna upande wa pili wa meza, na Hobert akaona jinsi habari itakavyofika mjini kabla ya jua kuzama: mpimaji mkuu aliuziwa kibovu, na kibovu akamtwisha mtu asiye na pua. Akakitia mkate kile kinywa. Akajisemea, nitamwambia kesho tukiwa wawili. Kesho ikaja na mvua. Wiki ikaja na mazishi. Kisha ikawa kadiri siku zinavyozidi ndivyo inavyokuwa aibu zaidi kueleza kwa nini hakusema jana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Miaka mitano mzee wa watu alikuwa akimenya tufaha kila asubuhi kwa kile kisu cha njano, na Oleta hakujua kwa nini anachukua muda mrefu kukikunja.

Na Dorsey hakugundua, maana macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Sanduku alilifungua Krismasi tu, akahesabu vitambaa kwa vidole, akalifunga. Hakuwakunjua Ndege, ili asiwatie jasho.

Mwaka ule wa maharagwe, mwezi wa sita, Dorsey aliwaambia watu wa chama, "Mimi ni mzee. Nataka mnipimie Ndege kabla sijafa, niwagawe Verna na Dreama kwa haki. Maana wa mwaka wa kwanza ana thamani kuliko wa nne, na sitaki mmoja wao aondoke na manyoya."

"Wapime kwa nini?" Hobert akauliza. "Wape tu. Wasichana wako hawana ugomvi."

"Hawana kwa sababu sijafa."

Kuanzia siku hiyo Hobert hakulala. Oleta akaniambia, "Nilidhani ni tezi. Nikampeleka kwa daktari. Daktari akasema yu mzima kama nyumbu. Nikasema, nyumbu hulala."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba wakakutana chini ya kanisa. Meza ndefu imetandikwa kitambaa cha kijani, watu kama ishirini, chai ya barafu kwenye jagi, na keki ya tufaha ya mke wa mchungaji. Oleta alikuwepo, anakata keki. Verna, binti mkubwa wa Dorsey, ndiye aliyelibeba sanduku, amelikumbatia kama mtoto, na baba yake amemshika kiwiko. Dorsey alikuwa amevaa tai.

Hobert alikuwa ameketi mwisho wa meza, mahali pa mpimaji. Alimwapia Oleta kwamba aliinusa siki Verna alipokuwa bado kwenye ngazi.

Verna akafungua. Watu wa mbele wakarudi nyuma, mmoja akafunika pua kwa kofia. Kile kisu cha kobe kilikuwa kimepasuka nyufa kama tope la kiangazi, kinatoa majimaji, kitambaa chake kimekuwa kahawia. Na Ndege waliolala jirani yake, shaba yao imeota ukungu wa kijani. Clovis akamvuta mmoja, akajaribu kumfungua. Hakufunguka. Akatumia nguvu. Hakukuwa na kubisha hodi, hakukuwa na tak. Lilisikika tu *krrr*, kama jino linalong'olewa, na unga mwekundu ukamwagika kwenye kitambaa cha kijani.

"Bwana Dorsey!" Clovis akasema. "Miaka arobaini unakusanya visu, halafu unalaza mgonjwa kitanda kimoja na wazima? Hata mtoto wa jana anajua!"

"Kuna nini?" Dorsey akauliza. Alikuwa ameinama, anatafuta kuona. "Verna, kuna nini?"

"Wameoza, Baba."

"Nani?"

"Ndege."

Clovis hakunyamaza. Sidhani alikuwa na ubaya, ila mdomo wake ulikuwa na mwendo wake. "Ungelifungua sanduku hili mara moja tu kwa mwaka ungesikia harufu, bwana! Inatoa machozi!"

"Nalifungua kila Krismasi," Dorsey akasema polepole. "Mimi sinusi, Clovis. Unajua sinusi."

Hapo wachache walicheka, kile kicheko cha watu wasiojua pa kutazama. Verna alianza kulia. Akaona haya kulia mbele ya wanaume, akajifanya anatafuta leso mkobani.

"Nani alikuuzia uchafu huu?" mtu wa nyuma akauliza. Clovis, aliyekuwepo siku walipobadilishana, alijua, lakini sheria ile hata yeye haivunji.

Wote wakamgeukia Dorsey. Oleta alisema, "Nilimtazama mume wangu wakati huo, bila sababu. Alikuwa mweupe kama unga."

Dorsey akajinyoosha, akaishika tai yake. "Sikuuziwa. Nilibadilishana bila kuona. Na aliyenipa simtaji, sheria ni sheria. Naye hakujua. Angekuwa anajua angeniambia."

Clovis akasema, "Haya, mpimaji. Sema thamani."

Hobert akanyanyuka. Akawafungua Ndege mmoja mmoja kwa kitambaa. Wanne wa mwisho wa sanduku, waliolala mbali, walikuwa salama. Wanane walikuwa wameliwa. Akasema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, "Wanne ni wazima, thamani kamili. Wanane... hawa ni visu tu."

"Ni visu tu," Dorsey akarudia. Akaomba kiti.

Hobert alikunywa chai, akabeba viti, akafunga mlango wa kanisa.

Nyumbani hakula. Jumapili hakuimba. Jumatatu Oleta alimkuta barazani, kisu cha njano mkononi, tufaha zima pajani, halijamenywa.

"Mzee wewe, tufaha limekukosea nini?"

"Sina njaa."

"Huna njaa tangu Jumamosi. Kama unakufa niambie, nisipike kingi."

Jumatano asubuhi alikuja jikoni, Oleta anaosha chupa, akamweleza yote akimtazama mgongoni. Oleta hakugeuka mpaka alipomaliza. Niliuliza, ulijisikiaje? Akavunja maharagwe matatu kabla ya kunijibu. "Nilikumbuka Dorsey alivyoishika tai yake. Huyo mtu ndiye aliyekaa na mimi hospitalini siku tatu Hobert alipopasuliwa. Nikamwambia mume wangu, jikoni kwangu hapana chakula mpaka uende kwake, useme, urudi. Na unaenda sasa, na mimi ndiye ninayeendesha, usije ukapotea njia."

Hobert akaingia chumbani, akatoka na boksi lake. Yeye naye alikuwa na Ndege, sita, hakufanikiwa zaidi ya hapo maisha yake yote. Akakaa kwenye gari amelipakata.

Walimkuta Dorsey kwenye baraza yake. Mezani amewapanga Ndege wanane, kopo la mafuta, na kipande cha flaneli. Alikuwa anasugua. Karibu na ngazi, kwenye kigae cha chungu, alikuwa amekiweka kile cha kobe.

"Usisugue sana," Hobert akasema kwa mazoea. "Utaondoa..."

"Nitaondoa nini? Thamani?" Dorsey akacheka kidogo. "Kaa, bwana. Oleta, mbona hushuki?"

"Nipo sawa hapa," Oleta akajibu kutoka garini. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia yote.

Hobert hakukaa. Akasema akiwa amesimama, kofia mkononi. "Dorsey, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kile cha kobe. Kilikuwa kinanuka tangu kwangu. Nilikuwa naenda kukitupa. Nilikupa wewe kwa sababu nilijua hutasikia."

Kitambaa kikasimama.

"Na nilipokwambia nimekiweka na Ndege?"

"Nilijua. Nikala mkate."

Dorsey akalifunga kopo la mafuta polepole. Kisha akasema, "Ule ubao uliponipiga, Hobert, wewe ndiye uliyenipeleka nyumbani. Miaka arobaini na sita wewe ndiye unayeninusia maziwa kama yamechacha. Unanusa, unasema, 'Kunywa,' na mimi nakunywa. Sijawahi kuuliza mara mbili."

"Najua."

"Hujui."

Hobert akaliweka boksi mezani. "Hawa ni sita. Wote wazima. Chukua."

"Nisaidiwe?" Dorsey akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Uje na boksi uondoke umelala vizuri? Mimi sitaki vitu vyako." Akasukuma boksi, kisha akalizuia kwa mkono kabla halijafika ukingoni. Akafikiri. "Hapana. Hao si wangu kuwakataa. Ni wa wasichana. Wanne na sita ni kumi. Watano Verna, watano Dreama. Waache. Lakini mimi na wewe bado. Mimi na wewe tutabadilishana, kama watu."

"Dorsey..."

"Bila kuona. Geuka."

Hobert akageuka, uso wake ukawa upande wa gari. Oleta aliniambia hajawahi kuuona uso wa namna ile hata mazishini. Nyuma yake Dorsey aliinuka, akashuka ngazi moja, akainama, akarudi. Hobert hakuhitaji kuona. Pua ilimwambia mwenzake ameokota nini.

Mfukoni mwake kulikuwa na visu viwili. Kile cha njano, ambacho kwa kweli kilikuwa cha Dorsey, na kile cha baba yake. Akaingiza mkono kulia. Akautoa mtupu. Akaingiza kushoto.

Wakafumba, wakasogea.

"Haya," Dorsey akasema.

"Haya."

Wakapeana. Kile cha kobe kilimwachia Hobert majimaji kiganjani. Dorsey akapapasa alichopewa, hakukiinua juani, aligusa tu ile ncha iliyokatika kwa kidole gumba. Akakijua. Alikuwepo siku baba yake Hobert alipoikata ncha hiyo akifungua kopo la pichi, wao wakiwa na miaka tisa.

Hobert akasema, "Umekijua..." akajizuia.

"Sheria ni sheria," Dorsey akasema. Akakitia mfukoni. "Sasa twende mjini."

"Mjini?"

"Clovis alinisimanga mbele ya watu. Utasema mbele ya watu."

Wakaenda, watatu kwenye kiti kimoja, Oleta anaendesha, Hobert katikati na goti lake limegusana na la kila mmoja, na neno la njiani lilikuwa moja tu, la Dorsey: "Punguza, kuna shimo." Mbele ya mahakama walikuwepo watu saba au wanane, na Clovis akiwemo, vijiti mkononi. Hobert akasimama mbele yao juani akayasema yote, tangu maonyesho mpaka keki ya tufaha. Hakuongeza, hakupunguza. Akawaonyesha kile cha kobe.

Clovis akaacha kuchonga. Akasema: "Kumbe pua ya chama inanusa inapopenda."

Watu wakacheka, na safari hii walijua pa kutazama. Hobert akakaa nacho kicheko hicho. Dorsey hakucheka. Alikwenda akaketi kwenye benchi, akatoa kisu cha pembe ya kulungu, akaomba kijiti, akaanza kuchonga.

"Tukupe nafasi hapa, Hobert?" mtu mmoja akauliza.

Hobert akamtazama Dorsey. Dorsey hakuinua uso. "Si leo," Dorsey akasema.

Mpaka ninapoandika haya Hobert hajapima tena kisu cha mtu. Clovis ndiye anayekaa mwisho wa meza, ingawa watu humbishia. Dorsey alikaa wiki saba bila kumwomba Hobert amnusie maziwa. Wiki ya nane alimletea chupa mpaka mlangoni, akaisukuma mkononi mwake bila salamu. Hobert akanusa, akasema, "Yamechacha, usinywe," na Dorsey akayamwaga pale pale kwenye maua ya Oleta.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatano ile walirudi nyumbani saa tisa mchana. Hobert hakuingia ndani. Alitembea mpaka mwisho wa ua, huku kwangu, akakiweka kile kisu cha kobe juu ya nguzo ya pembeni, peke yake, penye upepo. Kipo mpaka leo. Mimi hukiona nikianika nguo. Kisha akarudi barazani, akakaa kwenye kiti chake, akaomba chakula.

Oleta akaingia kumpashia maharagwe, akakata na kipande cha mkate. Alipotoka na sahani, kichwa cha mzee kilikuwa kimeangukia bega, kinywa wazi, kofia imemteleza, viatu bado anavyo miguuni. Akakoroma. Oleta alisema ilikuwa kama kusikia injini iliyokufa majira yote ya baridi ikiwaka.

Hakumwamsha. Alikaa kwenye kiti cha pili, akaila ile sahani yeye mwenyewe mpaka mwisho, maana naye alikuwa hajala tangu asubuhi. Akaweka sahani chini, akaegemea, akasema atayafumba macho kidogo tu, na yeye naye akalala.